Mrija Chini ya Ua

Ua-brashi husifiwa kwa kitu ambacho si ua. Mtu akiliona kwenye mbuga za milimani magharibi mwa Marekani, huona kichwa chekundu kama kilichochovywa kwenye kopo la rangi, na ndiyo sababu watu wa huko wakaliita brashi ya mchoraji. Lakini shika shina moja ulitazame kwa karibu. Wekundu wote uko kwenye vijani vinavyolizunguka ua, majani ya kawaida kabisa yaliyopata rangi kuanzia nchani kurudi nyuma, mengine yakiwa bado ya kijani kwenye kitako. Ua lenyewe limejibanza katikati: mrija mwembamba wa kijani-manjano, wenye ncha iliyochongoka kama mdomo wa ndege, ambao asiyeelekezwa ataupita bila kuuona. Jenasi nzima huitwa Castilleja, kwa kumbukumbu ya Domingo Castillejo, mtaalamu wa mimea wa mji wa Cádiz nchini Hispania, na ina aina zipatazo 200. Nyingi ni mimea ya kudumu. Baridi ikiingia, sehemu ya juu hunyauka na kulala chini, mzizi ukabaki hai chini ya theluji, na majira ya joto yakirudi shina jipya huchomoza palepale. Mwaka 1917 jimbo la Wyoming liliichagua aina mojawapo, Castilleja linariifolia, iwe ua lake rasmi.

Chini ya udongo kuna mrija wa pili, na huo ndio unaonishughulisha hapa. Mzizi wa ua-brashi ukigusana na mzizi wa jirani, uwe wa nyasi, wa lupini au wa kichaka cha jamii ya pakanga, huota kinundu kisichozidi sana punje ya ulezi. Kinundu hicho huukumbatia mzizi wa jirani, kisha hupenyeza ulimi mwembamba ndani yake hadi kuifikia mishipa inayopandisha maji. Tangu hapo maji ya jirani, pamoja na madini yaliyoyeyuka humo, yana njia mbili za kupanda. Ua-brashi huvuta kwa nguvu kwa sababu vitundu vya majani yake hubaki wazi hata pale mimea mingine inapovifunga ili kujihami na ukame. Kadiri maji yanavyopotea juu, ndivyo mvuto unavyozidi chini. Madini hayapai na mvuke. Hubaki kwenye majani na kurundikana humo, hasa naitrojeni, na jambo hilo tutalihitaji baadaye. Hata hivyo huu si mmea usiojiweza. Una majani ya kijani, unalipokea jua na kujipikia sukari yake, ingawa huchota pia kiasi cha sukari ya jirani. Lawrence Heckard, katika utafiti alioutoa mwaka 1962, alionyesha kwamba ua-brashi likioteshwa peke yake chunguni huweza kuishi hata kutoa maua, ila huwa dhaifu. Lililopewa jirani hustawi. Ni kimelea cha nusu, mmea wenye jiko lake mwenyewe lakini unaochota maji kwenye kisima cha jirani.

Kiswahili kina maneno mawili kwa kiumbe wa namna hii, na yamepishana sana. La kwanza, kimelea, ni la darasani na zahanati. Limetokana na kumelea, yaani kumea juu ya kitu au mahali fulani. Halimshitaki mtu, linataja tu pale kiumbe kilipoota. La pili ni mnyonyaji, nalo huja na hukumu mkononi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliufanya unyonyaji kuwa jina la dhuluma yenyewe, na kizazi kizima nchini Tanzania kikakua kikisikia habari za kupe na wito wa kukata mirija. Lugha hiyo ilifanya kazi ya haki, na sina nia ya kuipunguzia makali. Lakini kitenzi chenyewe ni kikongwe kuliko siasa. Kunyonya ni kazi ya kwanza ya kila aliyezaliwa. Mtoto huchota maji, sukari na madini ya mifupa kutoka mwilini mwa mama yake, na hajapata kutokea mzee aliyeuita huo wizi. Tendo ni moja. Kinacholipa sura ni nani ananyonya, kwa nani, kwa muda gani, mahali gani, na nini kinabaki akishaachia. Nadhani mmea nao unastahili kuulizwa hayo kabla ya kuhukumiwa. Kinundu kwenye mzizi ni mwanzo wa kesi tu, kwa hiyo kukionyesha na kufunga faili ni kuhukumu kwa nusu ya ushahidi.

Mkulima wa mtama au mahindi ana haki ya kunikatiza hapa, tena kwa sauti. Yeye anakijua kiduha, ambacho majirani zetu Wajaluo hukiita kayongo. Anajua kwamba mahindi huanza kudumaa na kugeuka manjano kana kwamba yamerogwa, mvua ipo na samadi ipo, na ni baada ya wiki kadhaa ndipo vishina vyenye maua ya kupendeza ya waridi au mekundu vinapotokeza kwenye mashina ya mahindi na kueleza kilichotokea. Mmea mmoja wa kiduha huweza kumwaga makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo zikasubiri udongoni kwa zaidi ya miaka 10. Isitoshe kiduha ni ndugu wa ua-brashi. Kwa muda mrefu ua-brashi liliwekwa kwenye ukoo mwingine, hadi uchunguzi wa vinasaba mwishoni mwa miaka ya 1990 ulipolihamishia Orobanchaceae pamoja na kiduha. Kinundu ni kilekile na ulimi ni uleule. Kama kiduha ni adui wa chakula cha watoto, atauliza mkulima, kwa nini nduguye apambe nembo ya jimbo na kupewa makala ya kumtetea?

Swali hilo lina uzito, na jibu lake liko ndani ya kiduha chenyewe. Tuanze na muda. Kiduha ni mmea wa msimu mmoja. Kinaweza kumfilisi mwenyeji wake kwa sababu hakina miadi naye mwakani. Mbegu zikishakomaa, kifo cha muhindi hakikipunguzii kitu. Ua-brashi la kudumu limefungwa kwa kamba nyingine. Mzizi wake utaamka mwakani na mwaka unaofuata palepale, kwa hiyo jirani akifa, njaa huwa na njia ya kulirudia. Huwashikilia majirani zaidi ya mmoja, likichota kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule, na wengi wao ni mimea ya kudumu kama lenyewe. Kisha kuna suala la mahali. Kiduha hakikuzaliwa shambani. Ni mmea wa asili wa Afrika, uliozoea kuishi katikati ya nyasi za porini, ambako mwenyeji anayefaa alikuwa hapa mmoja na pale mwingine, na mbegu nyingi zilioza bila kumpata. Mahindi yalifika baadaye sana, kutoka upande wa pili wa bahari, na tukayapanda mstari kwa mstari, mwaka hadi mwaka, hadi shamba zima likawa meza iliyoandaliwa. Mbegu ya kiduha haiamki hadi inuse kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mwenyeji. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kemikali za jamii hiyo ni wito wa mmea kwa kuvu rafiki wanaousaidia kupata fosforasi. Muhindi unawaita wasaidizi, kiduha kinadukua. Katika ardhi iliyochoka mmea huita kwa sauti kubwa zaidi, na ndiyo maana kiduha huliumiza zaidi shamba maskini.

Ndiyo maana pia dawa iliyofanya kazi vizuri ilikuja kwa njia ya majirani. Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya, watafiti wa kituo cha icipe waliotafuta namna ya kumzuia kiwavi anayetoboa mabua walipanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na kugundua kwamba kiduha kilipungua sana. Desmodiamu ni mmea wa jamii ya kunde, wa kudumu, na mizizi yake hutoa kemikali zinazoiamsha mbegu ya kiduha kisha kuizuia isiushike mzizi wa muhindi. Mbegu huamka na kufa bila mwenyeji. Wakati huohuo desmodiamu hufunika udongo, huongeza naitrojeni na huwa lishe ya ng'ombe. Mkulima aliyeipanda bado anang'oa vishina vya kiduha kwa mkono, na lazima aving'oe. Sitamwambia mtu aone huruma kwa mmea unaomlaza na njaa. Lakini kilichoibadilisha hali ya shamba lake ni kuvunja upweke wa muhindi, yaani kukirudishia kiduha ulimwengu wa majirani wengi ambamo hakikuwa balaa. Ndugu hawa wawili wametengana kwa namna wanavyoishi na pale walipokuta nafasi, ingawa silaha yao ni moja.

Kutetea kwamba ua-brashi haliui si sawa na kuonyesha kwamba lina kazi. Kwa hilo inabidi kupanda Niwot Ridge, mgongo wa mlima katika jimbo la Colorado, juu ya mpaka ambako miti hukoma kuota. Ardhi ya huko ni baridi karibu mwaka mzima, na baridi hulaza vijidudu vinavyoozesha majani. Naitrojeni haikosekani kabisa, imefungiwa. Iko ndani ya majani makavu ambayo hayaozi, na ndani ya mimea ya kudumu inayoishika bila kuiachia. Hapo huota Castilleja occidentalis, ua-brashi la rangi ya manjano hafifu. Mwaka 2011 Marko Spasojevic na Katharine Suding walitoa matokeo ya vipimo vyao. Palipokuwa na ua-brashi, uoto kwa jumla ulikaribia mara mbili ya ule wa mahali lisipokuwepo, na majani ya majirani, hao hao wanaochotewa, yalikuwa na naitrojeni zaidi. Idadi ya aina za mimea ilibadilika kidogo tu. Kisha walilinganisha majani makavu. Ya ua-brashi yaliachia naitrojeni yake upesi kuliko ya mimea mingine ya pale, na yalipochanganywa na majani ya mimea hiyo, kuoza kwake nako kuliathirika. Yale madini yaliyobaki kwenye majani maji yalipopaa yamerudi udongoni, tena katika umbo linaloliwa haraka.

Msomaji makini atasema: kupatikana pamoja si kusababisha. Huenda ua-brashi huchagua kuota mahali penye rutuba, na tunalishukuru kwa neema iliyokuwapo kabla halijafika. Hofu hiyo ni ya haki, na vipimo vya uwandani peke yake haviwezi kuiondoa. Ndiyo maana nathamini kazi ndogo, isiyo na mbwembwe, iliyofanywa na Helen Quested na wenzake karibu na Abisko, kaskazini kabisa mwa Uswidi, na kuchapishwa mwaka 2003. Wao walishughulika na ndugu mwingine wa ukoo huu, Bartsia alpina, kimelea cha nusu cha kudumu chenye maua ya zambarau iliyokolea. Walichukua majani yake yaliyokufa, wakayaweka kwenye vyungu vya mimea ya huko, na kulinganisha na vyungu vilivyowekewa majani ya mimea isiyo vimelea. Chunguni hakuna nafasi ya kuchagua mahali. Anayeweka ni mtafiti. Mimea iliyopata majani ya Bartsia ilikua zaidi. Ukiunganisha chungu cha Abisko na mgongo wa Niwot, maelezo ya kwamba ua-brashi hufuata rutuba tu yanakuwa membamba. Hayajafa, lakini yamebaki na kazi kubwa ya kujithibitisha.

Lipo pingamizi lingine linalonigusa zaidi kwa sababu linatoka kwenye hisia ya haki. Mwizi akirudisha sehemu ya mali, tumwite mfadhili? Naitrojeni ile ilikuwa ya nyasi. Ua-brashi limeichukua, limeipamba kuwa wekundu, likairudisha kama takataka. Nakubali kwamba kwa unyasi mmoja uliokamatwa mzizi hesabu inaweza kuwa hasara tupu. Hakuna anayepaswa kuificha. Lakini mbuga si unyasi mmoja. Mimea inayotawala pahala pa baridi hutawala kwa kushika: hujilimbikizia madini, hurudisha kidogo kabla ya kuacha jani lidondoke, na jani hilo hukaa miaka bila kuoza. Kimelea huchota zaidi kwa wanaopatikana zaidi, na wanaopatikana zaidi ni hao watawala. Kile kilichochotwa kwao kinaangushwa juu ya udongo ambako hata mche mchanga usio na mizizi mirefu unaweza kukifikia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni kashika jembe tangu siku ya kwanza, ila analima shamba la kijiji kizima. Katika ardhi yenye rutuba tele mambo huwa tofauti, kwani huko madini hayakosekani na kinachopiganiwa ni mwanga, na kimelea kifupi hufunikwa na nyasi ndefu. Mahali pake hasa ni pale penye uhaba.

Tena hakichukui maji na chumvi peke yake. Lupini hujilinda kwa alkaloidi chungu, sumu inayowafukuza wadudu na kuwadhuru mifugo. Mwaka 1987 Frank Stermitz na mwenzake Harris walionyesha kwamba maua-brashi hubeba alkaloidi ambazo hayakuzitengeneza, zilizopanda kwa mrija ule ule kutoka mizizi ya jirani. Lynn Adler akaenda mbali zaidi. Alitumia ua-brashi la Texas, ambalo ni la msimu mmoja, akaliotesha pembeni mwa lupini chungu na pembeni mwa lupini tamu iliyokosa alkaloidi. Yaliyokaa na lupini chungu yaliliwa kidogo na wadudu, yakabaki na maua mengi, yakatembelewa zaidi na wachavushaji, yakazaa mbegu nyingi zaidi. Mbochi wake haukuwa na sumu. Ua-brashi huazima hata ulinzi. Na ulinzi huo nao una wateja wake. Mrija ule wa kijani-manjano uliofichwa katikati ya vijani vyekundu umejaa mbochi kwenye kina ambacho nyuki wengi hawakifikii, lakini kolibri, ndege mdogo anayeelea mbele ya ua kwa kupigapiga mabawa, hukifikia kwa mdomo na ulimi wake mrefu, kama chozi wetu anavyoyafikia maua ya mshubiri. Yale maji yaliyochotwa na mzizi gizani ndiyo yanayomvusha kolibri masika hadi masika.

Hapa inanibidi nisimame, maana kuna hatari upande wa pili. Mtu anaweza kuyachukua haya yote na kuyageuza kuwa hirizi ya bwana: tazameni, hata maumbile yanatufundisha kwamba anayenyonya huineemesha jamii, basi wafanyakazi wawe na subira, makombo yataanguka. Nayakataa matumizi hayo. Ua-brashi halina ghala. Kila mwaka huachia sehemu kubwa ya lilichokikusanya, kwa lazima ya mwili wake, kwa sababu shina la juu hufa. Halirithishi, halifungi mlango, halijengi ukuta. Mwenye kiwanda anayepunja mishahara anaweza kuchagua kutofanya hivyo, na hiyo nafasi ya kuchagua ndiyo inayompa hatia. Mmea hauna nafasi hiyo, hivyo hauna hatia wala thawabu. Neno mnyonyaji liendelee kuwa kali kwa wanadamu. Ninachoomba ni tusilitwike ua, kisha kwa jina hilo tukaling'oa bila kuuliza lilikuwa linafanya nini pale.

Kuling'oa si jambo la kufikirika. Ua-brashi la dhahabu, Castilleja levisecta, liliwahi kuenea kwenye nyika za bondeni kutoka kusini mwa British Columbia nchini Kanada, kupitia jimbo la Washington, hadi bonde la Willamette katika Oregon. Nyika hizo hazikujiweka wazi zenyewe. Wakalapuya na mataifa ya Coast Salish, wenyeji wa asili wa huko, walizichoma moto kwa ratiba, ili viazi vya camas walivyovichimba kwa chakula viendelee kuota na misonobari isisogee. Walowezi walipofika katikati ya karne ya 19 moto ulizimwa, majembe yakaingia, misonobari ikasogea. Kusini mwa Puget Sound, katika Washington, nyika iliyobaki na mimea yake ya asili inakadiriwa kuwa takriban asilimia 3 tu. Oregon iliona ua-brashi la dhahabu kwa mara ya mwisho mwaka 1938. Mwaka 1997, serikali ya Marekani ilipoliorodhesha kuwa spishi iliyo hatarini, lilikuwa limebaki mahali 10 tu.

Walioamua kulirudisha walijikuta hawawezi kulirudisha peke yake. Mbegu zake, ndogo na zenye kifuniko kama wavu, hazioti mpaka zipitie majuma ya baridi na unyevu. Mche ukishaota unataka jirani, kwa hiyo ilibidi kujua majirani gani wanaufaa na kuwarudisha nao. Moto nao ulirudi, ukiwashwa na kusimamiwa kwa uangalifu. Kufikia mwaka 2018 kulikuwa na zaidi ya mimea nusu milioni katika maeneo 48, na mwaka 2023 likaondolewa kwenye orodha ya hatari. Mtu anayeuliza kwa nini fedha za umma zitumike kufufua kimelea apewe jibu hili: ni mmea ambao huwezi kuuokoa bila kuokoa ujirani wake wote. Tausi au simba unaweza kumweka kizimbani ukamtunza. Huyu hakubali.

Katika nyika hizo yuko pia kipepeo wa Taylor, mwenye vigae vya rangi ya chungwa, nyeusi na nyeupe kwenye mabawa, aliyeorodheshwa kuwa hatarini mwaka 2013. Kiwavi wake hulala majira ya baridi, na akiamka mwezi wa pili au wa tatu hutafuta majani ya ua-brashi, au ya Plantago, gugu lililoletwa kutoka Ulaya. Kemikali chungu anazozila humo hubaki mwilini mwake na kumfanya asilike kwa ndege. Katika gereza la wanawake la Mission Creek, Washington, wafungwa walianza kulea viwavi hao kwa mkono mwaka 2011, wakiwapa majani na kuhesabu kila mmoja, kabla ya kuwaachilia nyikani. Kwa ajili ya kipepeo huyo watunzaji walipanda ua-brashi jingine, Castilleja hispida lenye vijani vyekundu, kwenye baadhi ya maeneo yaleyale ya ua la dhahabu. Maua hayo mawili yakachavushana. Ikaonekana miche chotara, na hofu ikawa kwamba ua la dhahabu linaweza kumezwa na ndugu yake. Sasa aina hizo mbili hutengwa, kila moja na viwanja vyake. Miaka yote hiyo nyasi zilizochotewa hazikulalamikiwa na mtu kuwa zimekwisha.

Katika vitalu vinavyootesha miche hiyo, kazi hufanywa hivi: baridi ikishaiamsha mbegu, mche wa ua-brashi hupandikizwa kwenye chungu kimoja na mche wa nyasi ya asili ya huko, au wa Eriophyllum, ua la manjano lenye majani ya manyoya kama sufi. Kwa miezi kadhaa hakuna cha kuonekana juu ila machipukizi mawili yanayokaribiana kimo. Siku ya kwenda nyikani hayatenganishwi. Shimo huchimbwa moja, na bonge la udongo huwekwa zima zima, mizizi ikiwa imeshikana ndani yake.